Mlango wa Vigae Kumi na Viwili wa Bi Nukaga

Bi Hisako Nukaga anastaafu tarehe 31 Machi 2016, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya michezo ya video hapa Kanazawa kwa miaka thelathini na mitatu. Nimeombwa niandike maneno ya kumuaga. Nani alinipendekeza mimi, sijui. Nimeuliza ofisi nzima, na kila mtu anatazama pembeni.

Alianza mwaka 1983, akichora ngazi, yaani hatua za kuvuka moja baada ya nyingine, za michezo ya mafumbo kwa penseli kwenye karatasi ya vimraba. Skrini ilikuwa na vigae, vile vipande vya mraba vya picha, kumi na viwili kwa kumi, basi, na humo mchezaji asukume makreti, afungue malango, atoke. Wengine walihitaji vigae thelathini kutengeneza mlango unaopitika mara moja tu. Yeye alitumia kumi na viwili: ukishapita, kreti imeziba njia uliyojia, na huna pa kurudi. Mlango huo umo katika michezo yetu kumi na saba.

Mimi ni mkaguzi. Ninalipwa kwa kushuku. Kila ngazi huja kwangu niicheze, nitafute kichochoro, njia ya mkato ambayo mchoraji hakuikusudia. Nikikikosa, napiga muhuri wangu mwekundu. Wachoraji wengine nimewakamata mara nyingi sana. Bi Nukaga, hata mara moja. Mtu gani huyo asiyekosea? Nilimshuku yeye, nikaishuku na droo yake aliyoifunga kwa ufunguo.

Mwaka 1997 kaseti za mchezo wetu mmoja zilikwisha kuuzwa, haziwezi tena kurekebishwa, barua zikaanza kumiminika. Ngazi ya arobaini, kazi ya Bi Nukaga, iliyokusudiwa kumsumbua mtu siku nzima, watoto waliimaliza kwa hatua tisa. Sukuma kreti ya kwanza kushoto badala ya kulia, umetoka. Karatasi ilikuwa na muhuri wangu. Niseme leo nilichokificha miaka yote: sikuicheza. Binti yangu alikuwa na siku ya michezo shuleni, nikapiga muhuri huku nimeshavaa koti.

Meneja Shirasu alituita wote wawili. “We Hirukawa, hii uliicheza au uliipapasa tu?”

Nilijua kazi imekwenda. Kabla sijajibu, Bi Nukaga akadakia, “Kichochoro hicho nilikiweka mimi, bosi, kwa makusudi. Zawadi ya wenye macho.”

Meneja akacheka, kichochoro kikatangazwa gazetini kama siri ya mchezo, nami nikabaki kazini. Tangu hapo nikamshuku maradufu. Mtu amdanganye bosi kwa ajili yangu, bure? Kila alipoweka tonge la wali lenye plamu chachu mezani kwangu, nililichunguza kwanza. Miaka kumi na tisa nilingoja aniombe kitu. Hakuniomba.

Wiki iliyopita aliisafisha droo yake, akanikabidhi karatasi ya ngazi ya arobaini, nakala yake mwenyewe. Pembeni, kwa penseli, tarehe ya Oktoba 1996, ameandika: “Kushoto nimeacha wazi. Hirukawa anacheza, au anapiga muhuri tu?”

“Kumbe hukumdanganya bosi!” nikamwambia.

“Nimdanganye kwa nini? Niliyekuwa namshuku ni wewe, bwana. Nilikaa siku tatu nangoja uje unicheke. Ya nne nikasema niirudishe, kumbe imeshapelekwa kiwandani.”

“Sasa mbona hukunisema?”

“Ningekusema, wangekufukuza. Na mtego si niliutega mwenyewe? Halafu tangu siku ile kila ngazi unaicheza mara tatu. Nilikuwa nasikia vitufe vyako ng'ambo ya ukuta.”

Nyani haoni kundule. Miaka yote nilikuwa nikimchunguza mtu ambaye alikwisha kunichunguza, akaniona nilivyo, na bado akaniletea chakula. Niliona haya, nikamwinamia hadi mgongo ukauma.

Bi Nukaga, ahsante kwa kila kigae. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na wajukuu wasiojua kushindwa. Ofisi itapwaya bila wewe. Ngazi yako ya mwisho iko mezani kwangu. Nimeicheza mara sitini na moja, sijaona kichochoro. Lakini wewe siwezi kukuamini hata kidogo, kwa hiyo muhuri sipigi. Na mpaka nipige, kwa sheria za kampuni hii, kazi yako hapa haijaisha.