Piano ya Kartoni

Tangu taksi itoke Luvungi, kartoni ya Sidonie iliyochorwa piano ilikuwa ikimchoma Mwamvua ubavuni, lakini alivumilia, maana binti huyo asiyemjua alikuwa amevimba kwa hasira. "Mama, miaka yote iniversite inatusomesha ualimu wa muziki juu ya piano ya kuchora. Ku egzameni wakaleta ya kweli. Minye nikaigusa, ikalia, nikashtuka, mikono ikasimama. Juri wakasema sifai, nirudie mwaka."

"Na profesere wako, yeye anajua kuipiga?"

"Yeye ndiye alinichorea."

Mwamvua alisonya kwa niaba ya taksi nzima. "Basi weye tupa hiyo takataka mu ziwa."

Taksi ikasimama Uvira. Sidonie akaikumbatia kartoni yake. "Niitupe? Siku watanipa darasa, watoto watajifunzia ku nini?"