Mzee Rasimu na Makosa Kumi na Manne

Ijumaa hii Mzee Rasimu anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba kimoja cha ghorofa ya chini, mkabala na mashine ya kunakili. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa kigeni kuandika kitaaluma kwa lugha ya chuo, ambayo wengi wao walifika wakiijua ya kuombea maji tu.

Utaratibu wake uliwachosha wote. Hakusahihisha hata neno moja. Alikuuliza ulitaka kusema nini, kisha ukaandike upya kwa mkono, mara tano, mara sita. Kila rasimu aliihifadhi kabatini, na sisi wahadhiri tukamcheka kwamba anafuga panya. Mwanafunzi mmoja aliandika kurasa mbili za kumlalamikia. Mzee akamrudishia aziandike upya kwa kuwa hoja ya tatu ilikuwa dhaifu.

Sasa niseme lililonipiga butwaa, na hadi leo sijapona. Miaka minne iliyopita, binti mmoja wa kigeni wa mwaka wa tatu aliniletea kazi safi mno. Mimi nilimkumbuka alipokuwa mwaka wa kwanza, akibabaika hata kuomba ruhusa ya kutoka. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kazi hiyo kaandikiwa, na akirudia nitampeleka kwenye kamati ya nidhamu, afungishwe virago arudi kwao. Kazi zilizofuata zikaja na makosa tele. Nikaridhika, eti nimemnyoosha. Alama zake zikaporomoka hadi akabakiza mtihani mmoja tu aondolewe chuoni.

Siku moja Mzee, mtu wa hodi mara tatu, aliingia ofisini kwangu bila hodi. Aliweka mezani rasimu ya tano ya yule binti, haina doa, na kando yake kazi hiyo hiyo kama nilivyokabidhiwa mimi, ina makosa kumi na manne. Yote yalikuwa yale yale ya mwaka wake wa kwanza, kayachomeka mwenyewe, moja baada ya jingine.

“Amejifunza kujiharibu ili umtambue,” alisema.

Jamani, shahada tatu ninazo, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukua ndani ya lugha ya ugenini na bado akawa yeye yule.

Nilimwomba binti radhi mbele ya darasa lile lile, nikazipitia upya kazi zake kwa kufuata rasimu za Mzee. Alibaki chuoni. Lakini hakufurahi wala hakulia. Aliuliza tu, kwa adabu, “Kwa hiyo mwalimu, sasa naruhusiwa kuandika vizuri?”



Mzee wetu, asante kwa kazi yako. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wasiokuletea insha. Nami nakushukuru kwa kuniaibisha mapema, nikiwa bado na wanafunzi wa kuwasikiliza.