Miaka Thelathini na Nne ya "Nipe Mfano"

Mratibu wa miradi ya utafiti ya wanafunzi wa shahada ya kwanza katika Idara ya Hisabati anastaafu Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na nne ya kazi. Alianza akiwa mhadhiri msaidizi mwenye meza isiyo na droo. Anaondoka akiwa mhadhiri mwandamizi mwenye meza ileile. Droo iliidhinishwa mwaka jana na inasubiriwa.

Wanafunzi walimpachika jina la Nipe Mfano. Mwanafunzi akimaliza kueleza wazo lake, liwe fupi au refu, mwalimu huyu husema maneno hayo mawili na kumkabidhi chaki. Wengi waliingia kwake na nadharia wakatoka nayo imepungua uzito. Nyumbani pia haachi. Mjukuu wake aliwahi kulalamika, "Bibi, wenzangu wote wana simu!" Bibi akauliza, "Wote? Hata yule wa ghorofa ya juu?" Mjukuu akaenda kucheza. Mumewe, dereva mstaafu wa malori, anasema wameishi kwa amani kwa sababu yeye hatamki neno "siku zote" mbele ya mkewe.

Alipokabidhiwa miradi ya wanafunzi, utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwanafunzi alichagua kitabu, akanakili sura ya tatu, akabadilisha herufi mbili tatu, akafungisha jalada gumu, akafaulu. Maktaba yetu ina rafu mbili zilizojaa sura ya tatu. Mwalimu akaja na sharti jipya: kila mwanafunzi apewe swali dogo ambalo hata msimamizi hajui jibu lake. Baadhi ya wahadhiri walipinga. Hawakuwa na ubishi na utafiti. Walichokataa ni kutojua kitu mbele za watu.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa mwongozo wa kitivo, ulioandikwa na wenzetu wa sayansi ya udongo na kuelekezwa kwa wote bila ubaguzi. Mwongozo ulitaka kila mradi utaje eneo la utafiti, namna ya kukusanya sampuli, na kama washiriki wameridhia. Mwanafunzi mmoja aliyechunguza namba tasa aliandika kwamba eneo la utafiti ni kichwani. Akarudishiwa kazi aambatishe ramani. Mwalimu alikwenda mwenyewe ofisini kueleza kwamba namba tasa hazijatoa pingamizi lolote. Akaambiwa asubiri kikao.

Katika hali hiyo aliendesha miradi kwenye ubao wa korido, nje ya chumba chake, karibu na choo cha wafanyakazi. Mahali hapo palichaguliwa kwa makusudi. Hakuna mhadhiri aliyeweza kwenda haja bila kuulizwa na mwanafunzi, "Samahani Mwalimu, hatua hii imetoka wapi?" Wawili walianza kutumia choo cha jengo la kemia. Waliobaki, kwa ushahidi wa mwandishi huyu, walijifunza hisabati nyingi kuliko walivyojifunza kwenye makongamano.

Si kila mradi ulifanikiwa. Mmoja ulithibitisha jambo ambalo kila mtu alilijua. Mwingine ulithibitisha jambo ambalo baadaye lilionekana si kweli, na mkuu wa idara akauweka kwenye taarifa ya mwaka chini ya "Maendeleo". Miradi minne ilichapishwa katika majarida ya maana. Kwa idara ambayo kabla yake haikuwa imechapisha hata mmoja, hilo si haba.

Mwaka huu, wa mwisho kwake, nusura uharibike.

Wasimamizi wawili waliondoka bila kujazwa nafasi zao, na wanafunzi wao wakahamishiwa kwake. Miongoni mwao alikuwa binti mmoja hodari, mtoto wa mshona nguo, aliyekwisha kupata nafasi ya shahada ya pili katika chuo kingine kwa sharti la kufaulu mradi. Alichunguza michoro ya nukta zilizounganishwa kwa mistari. Aliita mchoro "usiolingana" ikiwa una nukta mbili au zaidi, na hakuna nukta mbili zenye idadi sawa ya mistari. Alithibitisha sifa kumi na moja za michoro hiyo, kwa mwandiko mzuri na mantiki safi. Mwalimu aliusoma mradi huo kwenye benchi la hospitali, akimsubiri mumewe apigwe picha ya goti. Aliona kila hatua inafuata kutoka iliyotangulia. Akatia saini. Mfano hakuomba.

Kitivo kikautangaza kuwa mradi bora wa mwaka.

Siku chache kabla ya uwasilishaji, binti alitaka kuchora mchoro mmoja wa kupamba bango lake. Akaja koridoni macho mekundu. "Mwalimu, nimechora tangu Jumatatu. Hautokei."

"Hautokei vipi?"

"Nikiweka nukta ya mwisho, lazima ilingane na nyingine. Nikiirekebisha, zinalingana mbili zingine."

Mwalimu alichukua chaki, akachora, akafuta, akachora tena. Kisha akaketi kwenye kiti cha mlinzi. "Mwanangu, tumeliwa. Hakuna mchoro kama huo duniani."

"Sasa mimi nimechunguza nini?"

"Ndiyo hiyo kazi iliyobaki. Na kosa ni langu, usilibebe wewe."

Mkuu wa idara alipopata habari alifunga mlango. Kubadilisha kichwa cha mradi kunahitaji kamati, na kamati inakaa mwakani. Kuuondoa mradi ni kurudia mwaka, na nafasi ya shahada ya pili haingemsubiri. Ushauri wake ulikuwa mfupi: "Tunyamaze. Nani atachora?" Mwalimu alipokataa, akajaribu njia nyingine. Je, nukta moja peke yake? Hiyo hailingani na yoyote. "Basi mfano upo!" akasema, akaagiza bango lichapishwe likiwa na nukta moja katikati. Lilichapishwa, kwa rangi. Mwalimu alimweleza kwamba binti ameandika nukta mbili au zaidi. Mkuu akauliza kama haiwezekani kuandika upya neno "mbili".

Mwalimu alimpa binti uamuzi, na binti akachagua kusema kweli mbele ya kamati ya watahini.

Ukumbi ulijaa. Binti alisoma sifa zake kumi na moja kwa sauti isiyotetemeka sana. Kisha akawaomba watahini watano wasimame wasalimiane kwa mikono, wapendavyo, ila pasiwe na wawili waliosalimiana na idadi sawa ya watu. Maprofesa walicheka, wakasimama. Muda si mrefu wakaacha kucheka. Wako watano, kwa hiyo idadi zinazowezekana ni kuanzia sifuri hadi nne, na kila moja ilipaswa kupata mtu wake. Mkuu wa idara, mmoja wa hao watano, kwa kawaida yake alitaka nne. Mtahini wa nje, mzee mwenye fimbo, alijichagulia sifuri na kuketi.

"Mzee, nipe mkono, umebaki wewe tu," mkuu akamwomba.

"Nikikupa, mimi si sifuri tena."

"Nisipoupata, mimi si nne!"

"Basi kaa chini, bwana, unatuchelewesha."

Wanafunzi wa nyuma walipiga meza. Binti akasubiri watulie, akasema: "Ndiyo sababu michoro niliyoichunguza haipo. Sifa zote kumi na moja ni za kweli, kwa sababu hakuna mchoro wa kuzikanusha. Nilichelewa kujua. Huo ndio utafiti wangu."

Mwalimu akasimama na kutaja mbele ya wote kwamba msimamizi aliyetia saini ni yeye, na kwamba kama kuna alama za kupunguzwa waanze na zake.

Mjadala wa kamati ulikuwa mkali. Mmoja alisema hawezi kumpa alama mtu aliyechunguza kitu kisichokuwepo. Mwingine akamjibu kwamba, kwa kipimo hicho, nusu ya kitivo ingerudisha vyeti. Mtaalamu wa udongo alitaka kujua kama mikono ya watahini ilikuwa sampuli na kama waliridhia. Mtahini wa nje ndiye aliyekata maneno: kazi haina uthibitisho hata mmoja wenye kosa, na mwenye kazi amegundua mwenyewe kile ambacho msimamizi, kamati na mkuu wa idara hawakukiona. Akampa alama ya kufaulu, na si ya chini. Tuzo iliondolewa kimyakimya, ikapewa mradi wa sura ya tatu. Binti hakuilalamikia. Anaondoka mwezi ujao kwenda chuo chake kipya.

Utawala umeuliza mara mbili kwa nini Mwalimu hajarudisha ufunguo wa chumba. Jibu ni kwamba mtahini wa nje, akiaga, alimwuliza binti: kama nukta zote haziwezi kutofautiana, je, zikiruhusiwa mbili tu kulingana, ipo michoro mingapi ya namna hiyo? Tangu hapo binti na Mwalimu wako koridoni, chaki mkononi, na mchoro wa nukta saba uko ubaoni. Tunaomba wasafishaji wasiufute.

Mwalimu, asante kwa kutunyima raha kwa miaka yote hii. Nenda na afya njema wewe na mzee wa malori, goti lake lipone, na mapumziko yako yawe marefu. Ila ukimaliza hilo swali la ubaoni, tupitishie jibu.