Chumba Kisicho na Dirisha

Mbele yangu kwenye basi, nesi mmoja alikuwa akihangaika na simu. Kila safari ya meli aliyoipenda ilikwenda kinyume na wiki yake ya likizo. Jirani yake, fundi seremala mwenye msumeno mapajani, akashindwa kuvumilia. "Dada, usichague meli. Anza na tarehe zako, uone ipi inaondoka."

Ikapatikana moja, imebaki chumba kimoja tu cha watu wawili. Nesi akaguna. "Chumba hakina dirisha! Nasafiri na mama yangu; macho yanafifia, nataka aione bahari kabla hayajazima."

"Mpandishe juu sitahani. Bahari yote ile, dirisha la nini?"

"Seremala gani wewe, unayekataa madirisha! Na mama miguu inamsumbua, kaka."

"Mbebe. Yeye hakukubeba?"

Nesi akacheka huku akifuta machozi.

"Likizo nyingine lini?"

"Mwakani, wakinipa."

Fundi akageukia dirisha la basi, akatazama nje.

Basi likasimama mwisho wa njia. Fundi akaanza kurudi kwa miguu. Kituo chake tulikipita zamani, nami nilimwona akikitazama kikipita. Nesi alikuwa bado amekaa, kidole juu ya simu, hajabonyeza.