Mkate Baridi wa Jioni

Kwenye treni ya mjini Freiburg, Ujerumani, mama aliyekaa mbele yangu alimfungukia jirani yake kabla hata hawajaambiana majina. Nyumbani kwake amefika Maëlys, binti wa miaka kumi na miwili kutoka Lyon, Ufaransa, kwa wiki tatu za kubadilishana wanafunzi.

"Jioni ya kwanza nikaweka mezani mkate, jibini na matango, kama kawaida yetu. Mtoto akaangua kilio. Kwao jioni ni chakula cha moto. Alisema kama hatumtaki, tumwambie tu."

"Ungemwacha azoee, mwanangu," alisema jirani, bibi mwenye kikapu cha vitunguu. "Amekuja kujifunza, hakuja kubembelezwa."

"Bibi, binti yangu Frieda yuko kwao sasa hivi. Juzi kanipigia simu analia. Wanakaa mezani saa mbili nzima, hakuna anayenyanyuka, akajua anasemwa yeye. Kumbe watu wanapiga soga tu."

Bibi alicheka mpaka kitunguu kikadondoka. Nilikiokota. Hakuna aliyenishukuru, maana hadithi ilikuwa imenoga.

"Sasa ukafanyaje?"

"Nikapika supu siku nne mfululizo. Jana Maëlys kaja jikoni, akanikataza kupika. Akapanga mkate mwenyewe, akatuita mezani. Tukakaa saa mbili nzima tukipiga soga."

Treni ilisimama. Bibi aliinuka, akamwekea mwenzake vitunguu vitatu mapajani.

"Bado nasema unamdekeza," alisema akishuka. "Na huyo Frieda wako akirudi, atakudai supu."