Mwanga Ndani ya Kaka

Fundi Saa ndiye aliyeniambia kwanza kwamba kaka yangu ametiwa mwanga mwilini. Mchana ule kaka alirudi kutoka hospitali, akapita mlangoni kwangu, akasema nisimsogeze mtoto karibu naye hadi kesho, akaenda zake. Kaka huyo huyo ambaye humbeba mtoto kabla hajanisalimu. Anaishi kwa figo yangu. Nilimpa mwaka juzi. Nikadhani imekufa na ananificha. Jioni nikaenda kijiwe cha kahawa wanapokaa Fundi Saa, Kinyozi na Spika, nikakaa ncha ya benchi na kikombe changu, nisithubutu kuuliza. Mvuke wa kahawa ulipanda polepole, hata benchi likawa kama linaelea.

— Ni dawa tu yenye mwanga wa mionzi, mdogo wangu, alisema Fundi Saa. Alipita hapa akanieleza. Wanaichoma mshipani, inafika kwenye figo, na kamera inaitazama ikipita. Leo tu asipakate watoto.

Kinyozi akasema basi usiku huu kaka atanyoa ndevu bila taa.

— Ila damu nzito kuliko maji, akaongeza. Ndiyo maana figo ya ndugu hutoa mkojo kwa shida.

Spika, ambaye sauti yake hufika ng'ambo ya barabara, alikataa. Figo ni mgeni, alisema, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii haikupewa jembe, imenuna, inataka kurudi kwao.

— Kwao wapi? akauliza Kinyozi.

— Si huyo hapo, anakunywa kahawa.

Wote wakanitazama. Nikainamisha uso. Chini ya kovu langu, mahali pasipo na kitu, nilihisi joto, kama mtu amewasha kibatari humo. Kinyozi, aliyeniona nikipapapasa pale, akanong'ona kwamba labda mimi na kaka tunawakiana, kama madirisha ya nyumba mbili.

Mama mmoja aliyeleta saa iliyosimama alikuwa akitusikiliza.

— Na picha imeonyesha nini? aliuliza.

Spika akatazama barabara. Kinyozi akatazama kikombe. Fundi Saa akaipokea ile saa, akaanza kuifungua. Hakuna aliyejua.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Kaka alikuwa amekaa kizingitini. Nilimuuliza hata kabla ya salamu.

— Damu inaingia vizuri, alisema. Mkojo ndio unachelewa kushuka, njia imebana. Wameiona mapema, wataizibua kabla figo haijaumia.

Akamtazama mtoto mgongoni mwangu, kisha akasema:

— Jana sikukukimbia kwa ajili ya dawa tu. Niliona haya. Kitu chako, nimeshindwa kukitunza.

Nikamfungua mtoto, nikampakatisha kaka, upande ule ule wa figo.