Shangazi Angani na Njia ya Ng'ombe

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1974, mtoto wa kwanza wa fundi pampu, katika nyumba iliyoegemea ukuta wa kituo cha maji. Injini ikizimika, foleni ya ndoo iligeuka ngumi. Kovu lililokuwa juu ya jicho lake la kushoto alilipata hapo akiwa darasa la kwanza: mama mmoja alimrushia mwenzake ndoo, ikampata yeye. Hakulia. Alimuuliza baba yake, "Kwa nini bomba ni moja?" Baba akajibu, "Kamuulize aliyechora." Swali hilo hakuliacha.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, ambako alisimamishwa kwa kumvunja jino mwenzake aliyemwaga maji ya mgonjwa. Alirudi akaongoza kwa jiografia, na mwaka 1999 alihitimu chuo cha upimaji ardhi.

Mwaka 2000 aliajiriwa na ofisi ya bonde la mto. Chumba chake kilikuwa na kompyuta mbili, feni iliyokoroma, na picha za setilaiti ukuta mzima. Kazi yake ilikuwa kuonyesha wapi palimwe, wapi upite mfereji, na wapi paachwe ili maji ya leo yasiwe kiu ya kesho. Mdogo wake wa kiume ni fundi wa kuchomelea. Watoto wa fundi huyo ndio waliompa marehemu jina la Shangazi Angani, likamganda hadi ofisini.

Mwaka 2003 alifunga ndoa na mpishi wa hospitali. Mume husimulia kwamba kabla ya posa alikuta nyumba yake imeshakaguliwa kutoka juu. "Bati lako lina kutu upande wa nyuma," aliambiwa. "Utaniloweshea watoto?" Alibadilisha bati kwanza, ndipo akaenda kuposa.

Mwaka 2017 marehemu alichora mpango wa ardhi na maji wa bonde la chini. Wapimaji hupenda picha zisizo na mawingu, naye alichagua za kiangazi. Zilionyesha ukanda mtupu kutoka mtoni hadi nyanda za juu, akaugawa kuwa mashamba. Kumbe ilikuwa njia ya ng'ombe: masika mto ukifurika, wafugaji huhamia juu kwa kupita pale. Mawingu aliyoyakwepa ndiyo yaliyowafunika. Mvua ya kwanza ilikuta ng'ombe ndani ya mahindi. Watu walikatana mapanga kwenye matope, nyumba zikachomwa zikiwa na watu. Maiti zilitolewa mferejini zimevimba, mkulima hajulikani na mfugaji hajulikani.

Tangu hapo hakuchora mstari kabla ya kuupita kwa miguu, kiangazi na masika. Aliuchora mpango upya, akawatafutia wenye mashamba yale ardhi nyingine kando ya mfereji mpya, kisha akasimama mbele yao.

"Nilikosea mimi," alisema. "Njia irudi."

Wengi walikubali. Mmoja alimpigia kelele, "Mama, wewe na picha zako! Jana umetupa, leo unatunyang'anya?"

Tarehe 4 Oktoba 2023, akisimamia uwekaji wa vigingi vya mpaka, alivamiwa. Walimpiga kwa vigingi vyenyewe. Walimvunja taya, mkono na mbavu, wakamharibia figo. Mdogo wake alifika wodini na vijana wa ukoo. Mapanga waliyaacha chini kwenye pikapu.

"Dada, tupe majina tu."

Taya lilikuwa limefungwa waya. Alisemea menoni. "Vigingi vimefika wapi?"

"Vigingi! Dada, si unakufa hapa!"

"Ndiyo maana nauliza haraka." Alivuta pumzi. "Mkienda na mapanga, mvua ikinyesha nani atatoa mahindi njiani? Nenda na nyundo."

"Na waliokupiga?"

"Wao wana mahakama. Ng'ombe hawana."

Figo zilikataa kupona. Alifariki tarehe 21 Oktoba, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono uliokuwa mzima.

Jumatatu iliyofuata, mdogo wake alikwenda kwenye ukanda ule na nyundo. Aliyejitokeza kumshikia vigingi ni mkulima wa pale pale. Fundi hakumuuliza siku ile alikuwa wapi. Mkulima aliinama, kisogo chake kikiwa chini ya nyundo, na nyundo ikapanda na kushuka, kigingi baada ya kigingi, hadi nyanda za juu. Kila pigo lilitua kwenye mti. Juzi mvua ilinyesha. Ng'ombe wamepita, na hakuna aliyezikwa kwa sababu yao.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake na wifi yake, na watoto wale waliompa jina.

Shangazi Angani, fumba macho sasa. Huku chini tutaangalia wenyewe.